Sauti ya Miharu

"Mama Precious, hivi huyu mwanamke anayelia humu kwenye simu si wewe?"

Teodora, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliliuliza swali hilo Jumapili moja asubuhi pale Buswelu, wala hakuwa na ubaya nalo. Aliuliza huku anacheka, mikono inanuka dagaa, simu yake kaiegemeza kwenye ndoo ili asikilize vizuri akiwa anachambua. Lakini mpaka leo Adoyo, huyo Mama Precious mwenyewe, akilikumbuka, vidole vyake huenda vyenyewe kutafuta sindano, maana siku ile ilidondoka na hakuiona tena.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, anashona vifungo kwenye shati jeupe. Shati la Ndalahwa. Jumapili iliyokuwa inafuata, Ndalahwa na wazee wake wa Kisukuma walikuwa waje kujitambulisha, na Adoyo, fundi wa sare za kwaya karibu zote za mtaa ule, alisema mwanamume wake hatakuja kumposa na shati la dukani. Kando yake mama Rozina alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

Mama Rozina ni mama mkwe wake. Ooko, mume wa Adoyo, alifariki kwa uvimbe wa kwenye ubongo, na tangu azikwe huko Rorya wanawake hawa wawili waliishi pamoja, bibi hataki kurudi nyumbani na mjane hataki kuachwa. Okech, mdogo wa marehemu, aliposimama mbele ya ukoo akasema mke wa nyumba hii atabaki nyumba hii, nami nipo kumrithi, ni mama Rozina huyu huyu aliyemkatiza. "Huyu sasa ni binti yangu," alisema. "Nitamwoza mimi, kama niliyemzaa. Mwenye neno aje anitolee mimi." Hakuna aliyetoa neno. Kwa hiyo ndoa hii na Ndalahwa, pamoja na manung'uniko yote ya mashemeji, ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa bibi mmoja.

"Lete nisikie," Adoyo alisema.

Teodora akaongeza sauti.

Kwanza ilisikika mvua, ile ya kutengenezwa na mashine. Kisha sauti nzito ya mwanamume, tamu, yenye utaratibu: "Katika Mji wa Mvua ya Chuma, mzee yule akamtazama binti yake, wala asimjue..." Adoyo aliijua sauti hiyo kama anavyoijua milio ya cherehani yake. Halafu mwanamke akaanza kulia. Akalia kweli kweli, kilio cha mtu asiyejua kwamba kuna anayesikia, na katikati ya kwikwi akasema:

"Hata wangu alinisahau. Aliniita dada nesi. Dada nesi, naomba maji. Halafu akaniuliza, yule bibi aliyekaa mlangoni ni nani, mbona ananiangalia sana? Na yule bibi alikuwa mama yake."

Ungo ukaacha kucheza.

"Zima, Teodora," alisema mama Rozina.

Teodora akazima. Kuku wakasikika, na mtu anapiga deki nyumba ya jirani.

"Uliniambia aliniita," bibi alisema, hakumtazama mtu. "Pale hospitali. Mimi nilitoka kwenda kutafuta uji, niliporudi amekwisha kufumba macho, wewe ukanishika mikono ukasema, mama, jina lako ndilo lilikuwa la mwisho mdomoni mwake."

"Mama..."

"Kila nikipiga magoti nalishukuru hilo. Kila siku, nyathina, mwanangu. Kwamba Mungu alimchukua lakini alinikumbuka." Akaokota chuya moja kwenye mchele, akaitupa. "Sasa alimwita nani?"

Adoyo aliinamia mkeka kuitafuta sindano iliyokuwa imedondoka. Angemwambiaje kwamba Ooko mwenyewe, siku ya mwisho akili zake zilipokuwa zimekaa sawa, alimvuta sikio karibu akamwomba: "Nikifika mahali simjui mama, usimwambie. Niapie." Na kwamba aliapa? Hakuna mtu duniani aliyekuwa anakijua kiapo hicho, ila Mungu na mwanamume mmoja tu aliyemwamini baadaye.

Mama Rozina hakungoja. Aliinuka na ungo wake, akaingia ndani, akaufunga mlango polepole sana. Kama angeubamiza, ingekuwa nafuu.

"Jamani, mimi sikujua!" Teodora alishika kichwa kwa mikono ile ile ya dagaa. "Haki ya Mungu, Mama Precious. Saluni nzima wanaisikiliza. Wanasema ni mchezo tu, ni katuni za Kijapani huyo kaka anazisimulia. Na mimi mwenyewe nimelia nayo juzi mpaka mume wangu akaniuliza nani kafa!"

Adoyo alilikunja lile shati, vifungo viwili bado, akalitia kwenye mfuko. Akafunga kilemba vizuri, akaondoka kwenda Butimba, dukani kwa Ndalahwa.

*

Njia nzima alikuwa anajiuliza ilianzia wapi.

Ilianzia kwenye vitabu. Ndalahwa ana duka la kutoa kopi na kuweka filamu kwenye simu za watu, karibu na chuo cha ualimu, na kwenye rafu ya nyuma alikuwa na vitabu vya picha kutoka Japani, wenyewe wanaviita manga, vimechakaa kwa kupita mikononi mwa wanachuo. Hadithi waliyoipenda zaidi ilikwisha kuandikwa zamani, mchoraji aliweka kalamu chini, hakuna cha kuongeza. Lakini wanachuo waliikodi, wakairudisha, wakaikodi tena, wakagombana mlangoni kwake juu ya mwisho wake kama watu waliogawana urithi vibaya.

"Hii hadithi ina nini?" Adoyo alimuuliza siku ya kwanza, alipokwenda kutoa kopi za nyimbo za kwaya. "Mbona watu wazima wanapigia kelele vikaragosi?"

"Kaa nikusomee ukurasa mmoja," Ndalahwa alisema. "Ukichoka, kopi zako bure."

Hakuchoka. Ulikuwa mji wa siku zijazo, mvua haikatiki, maghorofa yamefungwa nyaya kama utando wa buibui. Kila mtu nyuma ya sikio ana mbegu ya chuma, na humo ndimo zinamokaa kumbukumbu zake zote. Maskini wanaziuza. Matajiri wanazinunua na kuzionja kama pipi: leo harusi ya fulani, kesho kifo cha mtoto wa fulani. Na palikuwa na mwanamke, Miharu, fundi wa kutengeneza mbegu hizo, asiyekubali kuuza yake hata njaa imkamate vipi; na palikuwa na Toru, mwanamume aliyempenda.

Ikawa ndiyo desturi yao. Jumamosi jua likishazama na Sabato ikishatoka, Adoyo alikuja na chupa ya chai. Walikaa nje ya duka, hadharani, kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa na hakutaka maneno, Ziwa linaonekana kati ya mawe. Ndalahwa alitafsiri kwa mdomo, yeye akisema maneno ya Toru, Adoyo akisema ya Miharu. Simu ilikaa katikati yao kwenye stuli.

"Nairekodi ili nijisikilize baadaye," Ndalahwa alisema. "Kiingereza cha hivi vitabu kigumu, nataka nisahihishe tafsiri."

"Ikishatoka hapo inakwenda wapi?"

"Inakwenda wapi tena? Yako na yangu."

Ndiyo maana siku walipofika kwa yule mzee aliyeuza kumbukumbu mpaka akamsahau binti yake, Adoyo alipasuka. Yote aliyoyabeba tangu kifo cha Ooko yalitoka siku hiyo. Ndalahwa alimpa leso tu, akamtazama kwa macho yale mazito mpaka moyo wa Adoyo ukalala. Usiku huo aliandika kwenye Biblia yake, pembeni kabisa kwa penseli: Bwana, huyu naona ni mtu.

*

"Mama wa kwaya!" Ndalahwa aliinuka nyuma ya meza, uso mzima umefunguka. "Hata chai sijanywa, nimeshaona sukari. Leo umenijia mchana kweupe, majirani zako watasemaje?"

Na hapo Adoyo akajichukia, kwa maana pamoja na hasira yote, kifua chake kilimruka kama kila siku. Ule mwanya wa meno. Yale mabega. Alishika ukingo wa meza.

"Majirani wameshasema," alijibu. "Teodora amenisikia nalia kwenye simu yake."

Uso wa Ndalahwa ulibaki unatabasamu kidogo baada ya tabasamu lenyewe kuondoka.

"Adoyo, kaa kwanza."

"Nimekaa sana hapa. Nimekaa ndiyo maana."

Kabla hajajibu, msichana wa chuo aliingia na daftari kifuani. Gladness, mmoja wa wale wagomvi wa mlangoni. "Kaka Ndala, ile sehemu ya mwisho unaiweka lini? Chumbani kwetu hatulali, wenzangu wanasema Toru anasamehewa, mimi nasema hapana." Akamwona Adoyo. "Samahani. Shikamoo dada."

"Marahaba," alisema Adoyo.

Neno moja tu. Gladness akaziba mdomo kwa daftari.

"Ni wewe! Kaka Ndala, ndiye Miharu huyu! Dada, sauti yako! Yaani ile ya dada nesi naomba maji, tunaiweka kila tukitaka kulia. Naomba uiseme hapa nikurekodi, kidogo tu, wenzangu hawataamini."

"Gladness, toka," Ndalahwa alisema.

"Kidogo tu, kaka..."

"Toka, nimesema!"

Msichana akatoka kinyumenyume.

"Kila wakitaka kulia," Adoyo alisema.

"Nisikilize. Jina la Ooko nililikata. Lako nililikata. Hakuna mtu angejua."

"Mama yake amejua."

Ndalahwa akakaa kwenye stuli. Ile ile ya Jumamosi. "Mama Rozina amesikia?"

"Alikuwa anachagua mchele wa wazee wako, Ndalahwa. Mchele wa kukupikia wewe. Akasikia kwa masikio yake kwamba mwanawe alimwona mlangoni akauliza yule bibi nani. Kiapo nilichomwapia marehemu, nimekibeba peke yangu, nikakitua mbele yako mara moja tu. Mara moja! Wewe ukakitia mvua na muziki."

"Sikuanza kwa nia mbaya. Niliweka kipande kimoja, cha mwanzo, nione. Watu wakapenda. Wakaomba kingine. Ilipofika ile siku yako..." Akajifuta uso. "Niliifuta, nikairudisha, nikaifuta. Lakini Adoyo, ulikuwa hujaigiza pale. Wale wengine wote wanasoma vitabu hivi miaka nenda rudi na hawajui kwa nini vinawauma. Wewe ulisema kwa nini. Nikaona hiyo si ya kufichwa."

"Ukaona. Na mimi uliniuliza?"

Ndalahwa akaanza kupanga kopi zilizokuwa mezani.

"Niulize sasa basi. Niulize, Ndalahwa, kama nilitaka wanachuo wanisikilize usiku kama kaseti ya msibani."

"Ungekataa."

"Kumbe jibu ulikuwa nalo."

Alisema hivyo kwa utulivu, na utulivu wake ulimtisha Ndalahwa kuliko kelele. Alizunguka meza akaja karibu, akanyoosha mkono, hakuthubutu kugusa.

"Ng'ombe wa mahari wangetoka wapi?" aliuliza. "Okech anasema kila mahali Msukuma huyu hana zizi, anakuja kuokota mjane bure. Nilitaka niingie kwenu kichwa juu. Hizo sauti watu wanazilipia, ndizo zimenipa ng'ombe. Kwa ajili yako wewe, Adoyo! Nani mwingine?"

Adoyo alitazama yale macho mazito aliyoyaandikia penseli kwenye Biblia.

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja kunioa kwa kilio cha mume wangu," alisema. "Unamswaga Ooko nyumbani kwa mama yake, ng'ombe kwa ng'ombe, na mama angetoka kuwapokea kwa vigelegele."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nisaidie, wewe ndiye mtafsiri."

"Nitafuta zote. Leo hii, mbele yako." Akashika simu.

"Utafuta na kwenye simu ya Teodora? Saluni? Kwenye masikio ya mama utafuta kwa kitufe gani?" Kisha akaiona ile simu mkononi mwake, kioo kinawaka. "Hiyo simu, Ndalahwa. Saa hizi inarekodi?"

"Hapana! Adoyo, unanifikiria nani?"

Lakini alikuwa ameiangalia kwanza. Kabla ya kusema hapana, macho yake yalishuka kwenye kioo kuhakikisha, na Adoyo, aliyezoea kuona mshono uliolegea toka mbali, aliyaona yakishuka.

Ndalahwa naye alijua kwamba ameonekana. Akaiweka simu mezani kama kitu cha moto.

"Toru alikosa hivi hivi," alisema harakaharaka, kama mtu anayeshika kamba ya mwisho. "Unakumbuka? Aliiba mbegu ya Miharu, kumbukumbu ya mama yake ikaonyeshwa kwenye maghorofa, mji mzima ukatazama. Na Miharu akafanyaje mwisho? Nilikusomea. Alifika mlangoni, akageuka, akampa mkono. Ukalia kwa furaha hapo nje, ukasema hivyo ndivyo Mkristo angefanya."

Ni kweli alilia. Na ni kweli alisema. Adoyo aligeukia ile rafu ya nyuma. Kitabu cha mwisho kilikuwa pale, alikijua kwa jalada lake la buluu, lakini jioni hiyo ya mwisho Ndalahwa alikuwa amekishika upande wake tu, hakumwonyesha picha. Alisema taa haitoshi.

Akakichukua.

"Adoyo, hicho acha."

Adoyo akakiweka mezani akakifungua kama anavyofungua Biblia na kitabu cha nyimbo, kama alivyofundishwa shule ya msingi: jalada la kushoto kwanza. Hakujua kwamba Wajapani wanaanzia kulia. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa siku zote Ndalahwa ndiye aliyefunua kurasa.

Picha ilijaza ukurasa mzima. Chumba, dirisha, mvua. Mwanamume amepiga magoti, mikono imenyooshwa. Na mlangoni mgongo wa mwanamke, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, nyuma ya sikio lake tundu jeusi palipokuwa na mbegu. Hakugeuka. Hakutoa mkono. Kule kwa mwanamume palijaa vile viputo vya maneno, vimebanana. Kwa mwanamke kilikuwa kimoja, kikubwa, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Hadithi inaanzaje hapa?" alinong'ona.

"Umefungulia mwisho," Ndalahwa alisema. "Vyao vinasomwa kutoka kule. Huo ndio ukurasa wa mwisho."

"Hapa anasema nini?" Kidole cha Adoyo kilikuwa juu ya kile kiputo kitupu.

"Hasemi kitu."

"Uliniambia alisamehe."

"Nilitaka ufurahi."

"Hapana." Aliinua uso. "Siku unanisomea mwisho huu, sauti yangu ilikuwa imeshafika saluni. Ulisoma hapa, ukajiona mwenyewe umepiga magoti. Ukanitungia mwisho wako, nikausema kwa mdomo wangu, ili siku nikijua niwe nimeshakusamehe tayari."

Ndalahwa hakukana. Machozi yalimtoka, ya kweli, na yalikuwa magumu kuyatazama kwa mwanamke aliyempenda. Maana Adoyo alimpenda, Mungu aliye juu ni shahidi, hata pale alimpenda. Kama angekuwa na neno moja tu la kusema, angesema jina lake tu, Ndalahwa, na mambo yangekuwa mengine.

"Sema kitu," Ndalahwa alimwomba. "Nitukane. Niambie nikamwambie nini mama Rozina, nitakwenda kwa magoti mpaka Buswelu. Sema tu, Adoyo. Chochote."

Simu ilikuwa mezani kati yao, pale pale ilipokuwa inakaa siku zote.

Adoyo alitoa shati jeupe kwenye mfuko. Alilikunjua, akalitazama mshono kwa mshono kama anavyotazama kazi kabla ya kumkabidhi mteja, akapitisha kidole mahali palipokosa vifungo. Ndalahwa akanyoosha mikono kulipokea. Adoyo akalikunja upya, akalirudisha mfukoni mwake.

"Adoyo?"

Akakifunga kitabu. Akaweka kilemba sawa. Nyumbani palikuwa na mlango uliofungwa polepole, na bibi nyuma yake anayengoja kuambiwa mwanawe alimwita nani. Maneno yote aliyokuwa nayo, Adoyo aliyahitaji huko.

Akavuka kizingiti, akatoka.